Lami ya Benaco, Matope ya Kibingo

Ukungu wa Kibingo hauna adabu. Huja alfajiri kutoka bondeni, ukaingia migombani bila hodi, ukakaa mpaka mtu akasahau kwamba kuna dunia nje ya uwanja wake. Asubuhi ile Jovitha alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, akaitazama pikapu ya mumewe ikielea. Magurudumu hayakuonekana kabisa, yalikuwa yamezama katika weupe ule, na gari lilikaa hewani kama jeneza lililobebwa na watu asiowaona. Akajisemea moyoni: ndiyo ndoto ile ile, ila leo naiota nikiwa nimesimama.

Maana alikuwa akiiota tangu mvua za vuli zilipoanza. Katika ndoto, Leonidas mumewe hugeuza ufunguo lakini gari halitoi sauti. Linateremka kilima polepole, mama mkwe amekaa mbele amejitanda kitenge kipya, na Jovitha amesimama migombani na jembe lake. Anataka kuita, sauti haitoki. Na kinachomuudhi zaidi, ee waitu, ni kwamba hakuna hata mmoja anayegeuka kumtazama. Hata kwa heri! Kwa hiyo huamka amekasirika kabla hajaanza kuhuzunika, na siku nzima humjibu mumewe kwa mkato kwa kosa ambalo maskini hajalitenda bado.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano. Watu wa kina Leonidas walikuwa wakirudi kwao. Waliingia Karagwe kutoka Rwanda zamani, Leonidas akiwa bado mgongoni mwa mama yake, wakalima vibarua, wakajenga, wakaoa, wakazikana. Sasa mambo ya kule yalikuwa yamegeuka, na kila Jumapili baada ya misa ungeona benchi jingine tupu. Theoneste, kaka yake Leonidas, aliondoka na mke, watoto na mbuzi juu ya lori moja. Haikupita muda akatuma neno kupitia dereva: shamba la baba lipo, mleteni mama. Leonidas aliposikia alisema, "Haya," akaenda kuosha gari. Basi. Tangu siku hiyo hakuongeza neno. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Jovitha alikaa akiusubiri huo mshindo usiku na mchana.

Mama mwenyewe, bibi Mukandekezi, lake hakulificha. Mumewe Gaspari alizikwa kule ng'ambo kabla hawajakimbia, na yeye alitaka kulala karibu naye. Alikataa kupanda lori la Theoneste. "Sisafiri na mbuzi," alisema. "Nitakwenda na Leonidas wangu, katika gari la Leonidas wangu." Macho yake yalikuwa yamefifia kwa mtoto wa jicho, lakini kila asubuhi alikaa barazani ameelekea milima ya Rwanda. Siku ya anga safi inaonekana kutoka Kibingo, ya buluu, karibu kabisa. Kunguru anafika huko chai haijapoa. Gari sasa! Katikati pana Mto Kagera na matete yake, kwa hiyo lazima lizunguke Kayanga, literemke mpaka Benaco, lishike lami, livuke daraja la Rusumo, ndipo lianze kupanda tena upande wa pili, kuja kuiangalia Kibingo kutoka huko.

Kilichomuuma Jovitha zaidi ni nyasi. Kibingo mtu huusoma moyo wa mwenye shamba kwa nyasi zake. Anayetegemea kula ndizi za mwakani hukata nyasi kabla ya mvua, akazitandaza chini ya migomba, ardhi isikauke wala isibebwe na maji. Leonidas hakuwahi kukosa mwaka hata mmoja. Mwaka huu ardhi ilibaki uchi, nyekundu, na mvua ikawa inachimba mifereji kati ya mashina. Na katika migomba hiyo hiyo, upande wa jikoni, ndipo alipolala Vestina wao, aliyechukuliwa na surua kabla hajajua kulitamka jina lake sawasawa. Jovitha hakuweza kuhama pale, na kuishi bila Leonidas pia hakuweza. Alimpenda mtu yule mkimya, ingawa siku nyingine alitamani kumtikisa kama mti wa mapera ili walau neno moja lidondoke.

Ndipo likaja jambo la matairi. Matairi ya pikapu yalikuwa yamekwisha, vipara vitupu, na siku Leonidas alipompeleka mgonjwa hospitali ya Nyakahanga, gari liliteleza mlimani likaelekea mtaroni, wanaume wakatoka mashambani kulisukuma. Aliporudi alisema wakati wa kula, "Siku ya soko nakwenda Kayanga. Ildefonsi ameshusha mzigo wa matairi."

Jovitha akaacha kutafuna. Hakujua kuendesha, lakini miaka yote aliyokaa na gari lile uwanjani alikuwa amejifunza mawili matatu. Tairi la meno makubwa ni la mtu anayebaki na matope yake. Tairi laini ni la mtu anayeifuata lami. Mtu anaweza kuuficha moyo, lakini tairi litalala chini mbele ya macho ya kila mtu.

"Nami nakwenda," akasema.

"Haya," akasema Leonidas.

Wakaondoka na ukungu. Mama aliwaaga kutoka barazani, akimtaka mwanawe achague vizuri, asije akamtikisa mifupa njia nzima. Barabara ilikuwa ikifunguka mbele yao na kufungwa nyuma yao. Miti ya mikaratusi ilijitokeza mmoja mmoja, ikapita, ikayeyuka. Matairi yale ya vipara hayakushika chochote, na gari lilitembea kiubavuubavu, laini, bila haraka, mpaka Jovitha akahisi usingizi unampanda. Akamwona mwanamke amesimama kando ya njia na jembe mkononi. Lo! Ni yeye mwenyewe. Kanga ile ile, kusimama kule kule. Gari lilipokaribia, mwanamke yule akawa mtu mwingine kabisa, mama wa watu anayekwenda shambani kwake, na Leonidas akapiga honi na kumpungia mkono.

"Huyu angalau amepungiwa," Jovitha akasema.

"Nini?"

"Hakuna. Tazama mbele."

Walipofika Nkwenda ukungu uliwaachia, jua likaingia garini, lakini kichwa cha Jovitha kilibaki kule kule katika weupe. Aliviona vilima, na kahawa iliyoanikwa nyuani, na watu wenye mikungu ya ndizi juu ya baiskeli, vyote kwa mbali, kama mtu anayeangalia nyumba yake akiwa tayari amehama.

Duka la Ildefonsi lilikuwa nyuma ya stendi ya Kayanga. Lilikuwa banda la mabati lililojaa harufu ya mpira mpya, matairi yamepangwa mpaka darini, na ndani yake kigizagiza cha kumfanya mtu anong'one. Ildefonsi mwenyewe hakuwa mtu wa kunong'ona. Alikuwa mnene, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, na mdomo ulioumbwa kwa ajili ya soko.

"Karibuni, karibuni! Shemeji Jovitha, leo umekuja kumchunga? Maana bwana wako hununua tairi kama mtu anayechumbia. Anapapasa, anaondoka, anarudi, neno hasemi!"

Jovitha akacheka bila kutaka. Ildefonsi akawatolea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi, kwa maana Karagwe mgeni haambiwi shida wala bei kabla hajatia punje mdomoni. Wakatafuna. Kisha akabiringisha matairi matatu, akayalaza mlangoni penye mwanga.

"Tazama, shemeji, usije ukasema nilimuuzia mumeo gizani. Hili la kwanza ni la lami. Pitisha mkono. Kashata zake, hivi vipande vya mpira vilivyoinuka, zimebanana, zina mistari myembamba ya kutoa maji. Kwenye lami linateleza kama samli, halina kelele, halichoki, breki zinashika. Lakini lipeleke Kibingo kwenye ule udongo wenu mwekundu! Mistari inajaa tope mara moja, basi limekuwa sabuni." Akalipiga teke la pili. "Hili ni baba wa matope. Ona meno! Linachimba, linatema, linapanda popote. Ila kwenye lami linaunguruma utadhani umebeba mzinga wa nyuki, linawatikisa, na lami inalila upesi. Ukifunga breki ghafla kwenye mvua, omba Mungu."

"Na hilo la tatu?" Jovitha akauliza.

"La tatu ni la njia zote. Katikati kashata zimekaribiana zishike lami. Pembeni zimeachana ziteme tope. Ubavu wake mgumu, jiwe halilitoboi hovyo. Ukiingia penye utelezi unapunguza upepo kidogo, ukitoka unajaza."

Leonidas alikuwa amechuchumaa, kidole chake kikitembea ndani ya mifereji ya lile tairi la tatu. "Njia mbili zilimshinda fisi," akasema.

"Fisi hakuwa na tairi!" Ildefonsi akacheka mpaka kofia ikahama. "Lakini sitakudanganya, bwana Leonidas. Kwenye lami litashindwa na la lami, na kwenye tope litashindwa na la tope. Uzuri wake ni kwamba halitakulaza njiani upande wowote."

Leonidas akauliza kwa sauti ya chini, "Kutoka Benaco mpaka Rusumo, lami ikoje siku hizi?"

Punje ya kahawa ikamkauka Jovitha mdomoni. Haya, ndiyo yenyewe. Sauti za stendi zikaenda mbali, injini na honi na wapiga debe, na mahali pao pakaja ukimya wa ndoto ile. Akaliona gari likiteremka. Akausikia mkono wake ukilishika jembe ambalo halikuwapo.

"Malori ya misaada ya wakimbizi yamekula kingo," Ildefonsi alikuwa akisema, mbali huko. "Katikati ni nzuri. Na ng'ambo ya daraja ni lami tupu, ndivyo wanavyosema madereva. Sasa nijibu jambo moja tu, nami sitakusumbua tena. Katika safari zako kuanzia leo, nyingi zitakuwa za wapi? Lami au matope? Ukinijibu hilo, tairi limekwisha kujichagua."

Leonidas akasimama. Akaitazama mikono yake, akaifuta kwenye suruali, akamgeukia mkewe.

"Muulize mama Protase," akasema. "Mimi hilo siwezi kulijibu."

Mama Protase, yaani Jovitha, kwa jina la mwana wao wa kwanza aliyekuwa sekondari Bukoba, akahisi joto linampanda kutoka miguuni. "Mimi? Mimi ndiye ninayeendesha? Miezi yote unanifungia mdomo kama sanduku la kanisa, leo mbele ya watu unanitupia mimi?"

Ildefonsi, ambaye hakuwa mjinga, akakumbuka ghafla kwamba kuna mteja wa kumsalimia upande wa pili wa banda.

"Kama unakwenda, sema unakwenda!" Jovitha akaendelea, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakujali. "Nimekwisha kuona. Nyasi hukutandaza. Shamba liko uchi, mvua inatuchimbia mpaka karibu na Vestina, na wewe unaosha gari!"

Leonidas alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Nitatandazaje nyasi shambani, katika kibanja cha baba yako?"

"Cha baba yangu tangu lini? Alitugawia sisi."

"Alitugawia mimi nikiwa kibarua sina kwetu. Sasa watu wananiambia kwetu kupo. Kila ninayembeba garini ananiuliza, na wewe lini? Ndugu zako wananiuliza. Mama Protase, mtu anayekaa kwa wakwe hasemi wa kwanza juu ya ardhi. Ndivyo nilivyolelewa. Ningetandaza nyasi ungeona najimilikisha. Nilikuwa nasubiri uniambie nikae. Hukuniambia."

"Lakini mke hamwambii mume mahali pa kuishi," Jovitha akasema. "Ndivyo nilivyolelewa mimi. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Wakatazamana. Miezi mizima, jamani! Wanalala kitanda kimoja, wanakula sahani moja, kila mmoja anamsubiri mwenzake kwa heshima mpaka shamba likaharibika. Jovitha akaanza kucheka na kulia pamoja, akajifuta pua kwa ncha ya kanga, na Leonidas, ambaye hakuwahi kumgusa mbele ya watu, akamshika kiwiko.

"Kaa," Jovitha akamwambia. "Nakuambia basi, kama ulikuwa unangoja kuambiwa. Kaa, baba Protase. Nakutaka pale."

"Nakaa," akasema Leonidas. "Vestina yuko pale. Ningekwenda wapi? Lakini mama nilimwahidi, lazima nimfikishe."

"Mfikishe. Mfikishe salama, urudi."

Jovitha akamwita Ildefonsi, akanyoosha kidole kwenye tairi la tatu kama mtu aliyezaliwa katika biashara hiyo. "Tufungie hayo. Na upepo uwe wa kwenda Kibingo, lami tutaijazia tukifika."

"Shemeji, nitakuajiri!" Ildefonsi akasema, akaenda kutafuta jeki.

Njia ya kurudi Jovitha hakuikumbuka vizuri baadaye. Alikumbuka tu mwanga, mwingi, wa alasiri, na gari likipanda milima bila kuyumba, likitoa mvumo mdogo ambao hakuwahi kuusikia, kama mtu anayeimba huku amefunga mdomo. Mahali lilipoteleza asubuhi sasa lilikanyaga, likashika, likapita. Alikuwa na furaha. Aliona aibu kuwa na furaha kiasi kile, mtu mzima, kwa ajili ya mipira minne. Leonidas akasema kesho atakata nyasi. Baadaye akasema tena, kana kwamba alilipenda neno lenyewe, kwamba kesho atakata nyasi, na Jovitha akafumba macho akaliacha gari limbebe.

Mama aliwasikia kabla hawajafika. Walipoingia uwanjani alikuwa amekwisha kusimama, mkono mmoja kwenye nguzo ya baraza.

"Gari lina sauti nyingine," akasema. "Nipelekeni nilione."

Leonidas akamshika mkono, akamwongoza. Kuona kwake Mukandekezi sasa kulikuwa kwa vidole. Kwa vidole aliuchambua mchele, kwa vidole aliwajua wajukuu, na matairi aliyajua pia, maana mwanawe alikuwa dereva na yeye hakutaka kuzungumza na mwanawe juu ya hali ya hewa tu. Akainama taratibu. Akapapasa tairi la mbele, katikati, kisha pembeni, kisha ubavuni. Akarudia. Jovitha alisimama nyuma yake, tabasamu la njiani bado usoni.

"Si ya matope haya," mama akasema. "Ya matope yana meno kuliko haya."

"Ndiyo, mama."

"Na ya lami pia si haya. Ya lami mkono unateleza."

"Ni ya njia zote mbili, mama," akasema Leonidas. "Yatakubeba vizuri. Hutaumia mifupa."

Mkono wa bibi kizee ulibaki juu ya tairi, umetulia.

"Mtu anayehama," akasema hatimaye, "angenunua ya lami. Haya ni ya mtu anayekwenda akarudi." Akaondoa mkono. "Kwa hiyo kule nabaki peke yangu."

Leonidas akainamisha kichwa kama mtoto. Na Jovitha, furaha yote aliyoibeba kutoka Kayanga ikamwangukia kifuani kama mzigo wa kuni. Siku zote zile alikuwa akijihesabu yeye tu kuwa ndiye atakayeachwa. Hakuwahi, hata mara moja, kuwaza kwamba kuna mwingine uwanjani hapo aliyekuwa akiogopa jambo lile lile. Akapiga magoti kwenye udongo.

"Mama, nisamehe. Ni mimi niliyechagua."

"Inuka, mwanangu, utachafua kanga." Mukandekezi alimtafuta kwa mkono, akamgusa shavu, akamwachia alama nyeusi ya mpira. "Ungechagua mengine ningekushangaa. Una mtoto ardhini hapa. Mimi nina mume kule. Theoneste yupo, ataninywesha uji." Kisha akauliza, taratibu, kana kwamba hakuwa na haja kubwa ya jibu, "Mtakuwa mnakuja kunitazama?"

"Tutakuja, mama," Jovitha akasema. "Sote. Kahawa ikishavunwa tutakuja, kila mwaka."

"Na matairi haya yanadumu muda gani?"

Leonidas akajibu. "Ildefonsi anasema miaka mitatu, tukiyatunza."

Mama akafikiri, midomo ikicheza, kama mtu anayejumlisha miaka iliyombakia.

"Miaka mitatu," akasema. "Basi yananitosha." Akaomba maji ya kunawa mikono.